Mwaka Ambao Kengele Ilinyamaza

Leokadia alipolisoma lile neno nilikuwa nimeinua kikombe na sijakifikisha mdomoni. Alikuwa ananifasiria kutoka Kiingereza, kidole kikifuata mistari, na alipofika chini ya ukurasa akasita, akarudi nyuma, akasoma tena polepole kama mtu anayenusa nyama ya jana. Mgonjwa wa tatu, mwanamke wa makamo, alifariki kwa vidonda vya mgongoni kutokana na uzembe wa nyumbani. Nikakirudisha kikombe kwenye sahani. Ilikuwa chai ya maziwa, na ule utando wa juu, ambao nimeula miaka yote bila kuuwazia, ulinitia kichefuchefu hata nikageuza uso dirishani.

Leokadia ni muuguzi hapa Biharamulo. Wiki hiyo walikuwa na mafunzo ya kuhudumia watu waliopatwa na kiharusi, na wakufunzi walianza kwa kumkumbuka mtafiti mmoja wa magonjwa ya ubongo ambaye alikuwa amefariki karibuni. Aliandika mengi, walisema, juu ya kiharusi na jinsi ya kuutunza ubongo, na aliyaandika wakati hakuna aliyejali ubongo wa mtu wa kijijini. Wakagawa nakala za makala zake za zamani. Moja ilihusu wagonjwa wanne wa kijiji kimoja cha Ngara, mwaka wa vita. Kijiji hakikutajwa, lakini ndani mlikuwa na mwalimu wa kisomo aliyekuwa mkalimani, na mgonjwa asiyeweza kusema aliyekuwa akihesabu kwa punje za maharage. Leokadia alilelewa kwa hadithi ya maharage hayo. Mgonjwa wa tatu alikuwa bibi yake. Na aliyekuwa akimwuguza bibi huyo nyumbani, kila mtu wa Mbuba, kijiji chetu, anajua, ni msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Koleta, ambaye ndiye mama yake Leokadia.

"Mwalimu," akasema. Kule kwetu bado wananiita hivyo, ingawa kazi yangu ya maisha imekuwa kufua mashuka ya wodini. "Huyu daktari aliambiwa na nani kwamba mama yangu alikuwa mzembe?"

Nikamwambia anywe chai kwanza, isije ikapoa. Ilikuwa imeshapoa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina cheti cha darasa la saba na kichwa kilichojaa redio. Nilitaka kuwa mtangazaji. Nilikuwa nikisimama nyuma ya jiko na gunzi la muhindi mkononi, nawasomea mbuzi taarifa ya habari, na kwa kweli mbuzi walisikiliza. Kwa kuwa nilijua kusoma, kijiji kilinipa darasa la kisomo cha watu wazima, na watu wenye umri wa wazazi wangu wakaanza kuniita Mwalimu, nami nikaona sawa tu. Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Koleta. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na kijiji kizima kilimtegemea kwa mbegu za maharage. Sisi wa Ngara hatupandi maharage ya aina moja. Tunachanganya, mekundu na ya manjano na yale yenye madoa kama yai la kware, na mchanganyiko wa mlimani sio wa bondeni wala wa kwenye migomba. Mama Koleta aliingiza mkono kwenye ungo akiwa anaongea na wewe, hatazami, na mkono ukatoka na mbegu zinazotakiwa. Darasani alikuwa anajifunza kuandika jina lake. Alikuwa amefika kwenye herufi ya sita.

Siku aliyoanguka ilikuwa asubuhi, shamba la kijiji, tunapalilia mihogo. Juzi yake kulikuwa na harusi, na pombe ya ndizi ilikuwa bado inanuka kwenye pumzi za watu. Mama Koleta aliacha jembe likadondoka, akasimama akilitazama kama jembe la mtu mwingine, kisha akakaa chini kwenye udongo mbichi. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Mate yalimtoka. Akasema kitu, na hakikuwa Kihangaza chetu wala Kiswahili. Mtu mmoja akacheka, akasema harusi bado inamcheza Mama Koleta, na wote tukacheka. Nasema tukacheka, maana na mimi nilicheka. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda sana utaratibu, akaagiza awekwe pembeni mpaka pombe imtoke, na akanigeukia mimi niliyekuwa nashika daftari la mahudhurio. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, mbele ya jina lake: amelewa. Alikaa pembeni ya mihogo kuanzia saa mbili mpaka saa sita, juani, nzi wakimtua mdomoni, akitutazama. Mpaka leo nikiona nzi juu ya mdomo wa mtu aliyelala nafika kumfukuzia hata kama simjui, na watu wa kwenye basi wananishangaa.

Zahanati walisema ni kiharusi, wakasema hakuna dawa, wakasema arudishwe nyumbani. Akarudi nusu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyelazwa naye kitanda kimoja. Maneno yalimwishia yote. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, sakafu ya udongo na samadi, na yeye aliwekwa chumba cha mbele kwenye kitanda cha miti chenye gunia lililojazwa nyasi, ili wageni wamwone bila kuingia ndani sana. Na wageni walikuja. Hapo ndipo nilipoanza kuwachukia watu, mimi niliyekuwa nawapenda watu wote. Walikuwa wakikaa kwenye vigoda, wakipokea mihogo ya kuchemsha waliyopikiwa na Koleta, wakila, na huku wakimjadili juu ya kichwa chake. Mmoja anasema akili zimeshakwenda, imebaki ngozi. Mwingine anasema hapana, ni mtu kamfanyia. Mumewe, Mzee Bukuru, alikuwa mpole wa kutisha; aliitikia kila kitu. Siku moja nilimsikia akijadiliana na shemeji yake kama kaburi likae chini ya migomba au karibu na njia, na mama wa watu anasikiliza, jicho lake la kushoto likihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mtu alimaliza muhogo wake, akajifuta vidole kwenye blanketi la mgonjwa. Kwenye blanketi.

Daktari alikuja kipupwe, na Landrova ya kuazima, nyundo ndogo ya mpira na karatasi nyingi. Watoto walimpachika jina la Daktari wa Vichwa siku ya kwanza. Alikuwa kijana bado, mwembamba, suruali yake imeshonwa goti, na alitafuta mtu anayejua Kihangaza na Kiswahili cha kuandika. Nikapatikana mimi. Kwa wiki mbili nilizunguka naye nyumba kwa nyumba, nikafunga ule mpira wa kupima presha kwenye mikono ya watu, nikajiona nimeshafika mjini. Alimpima Mwenyekiti akakuta presha iko juu sana, akamwambia apunguze chumvi. Mwenyekiti akajibu kwamba serikali imemsaidia, kwa kuwa chumvi haijaonekana dukani tangu mwezi uliopita, na sukari vilevile, na sabuni akitaka kumkataza pia asijisumbue. Daktari alicheka mpaka akaukunja ule mpira vibaya.

Kwa Mama Koleta hakucheka. Alikaa kwenye kigoda cha chini, akamsalimia, "Shikamoo, mama," akangoja kama mtu anayetegemea marahaba, kisha akaanza maswali yake. Leo ni siku gani? Tuko kijiji gani? Toa tatu kwenye kumi. Mimi nafasiri, Mama Koleta ananitazama, mdomo unatetemeka, hakuna kinachotoka. Daktari akaandika sifuri. Mzee Bukuru, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Tulikwambia." Kabla ya kutoka mle ndani Daktari alieleza mambo mawili. Kwanza, ule mkono mzima upewe kazi, usikae bure. Pili, na hili alilirudia mara tatu, mgonjwa ageuzwe. Ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku kadiri mnavyoamka. Nyama inayolaliwa muda mrefu inaoza mtu akiwa hai.

Koleta alisikiliza akiwa ameuma kanga yake. Alikuwa ameacha kazi zote, hata mchumba aliyekuwa akija alikuwa ameacha kuja. Akauliza kwa sauti ndogo sana: saa mbili ni kiasi gani? Nyumba ile haikuwa na saa. Mbuba nzima saa ilikuwa moja, ya mezani, na ilikaa ofisi ya kijiji kwa mgambo aliyepiga kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori lililoanguka kwenye mteremko wa kwenda Rusumo, ikining'inia kwenye mkaratusi mbele ya ofisi. Ililia alfajiri kuamsha watu, ililia kwenda shamba, ililia saa ya uji, ya kurudi, ya kisomo, ya kuchota maji, ya magharibi. Kila baada ya saa mbili, karibu kabisa. Wazo likanijia kama wimbo. Nikasema, "Kengele ikilia, mgeuzeni. Isipolia, mwacheni apumzike."

Daktari akanitazama. "Mwalimu," akasema, "hiyo ni akili."

Nilirudi nyumbani sikanyagi chini. Niliwasomea mbuzi habari hiyo kama habari ya kwanza. Sijawahi kusifiwa tena hivyo maishani, wala sikuhitaji. Sifa ile peke yake ilitosha kunifanya niwe mtu mbaya.

Na ilifaa, ndiyo maana ni vigumu kuisimulia. Kengele ikilia, Koleta aliacha chochote alichokuwa nacho, akaja mbio, akaingiza mikono chini ya mgongo wa mama yake. Kama yuko shambani, jirani alikuja. Ikawa desturi, mtaa mzima rimu ikigongwa utasikia mtu akisema, haya, Mama Koleta. Kwa kazi ya mkono nilimpelekea bakuli la maharage yaliyochanganywa na kopo tupu, achambue. Alichambua. Na baada ya siku chache nikaona jambo. Kila akigeuzwa, kabla ya kufanya lolote, alitafuta punje moja nyekundu, akaitupia ndani ya kopo. Jioni nilimwaga kopo: punje saba. Kesho yake saba. Siku moja Koleta alisahau mara moja, jioni zikawa sita, na jicho la kushoto likamtazama Koleta mpaka Koleta akaomba radhi. Nilimkimbilia Daktari akiwa anafunga mizigo. Akaja, akakaa kuanzia saa ya uji mpaka ya kisomo, akaziona punje tatu zikiingia. Akatoa kifutio mfukoni, akafuta ile sifuri, akapuliza uchafu wa kifutio kwenye karatasi. Wakati wa kuagana aliniachia fomu moja na bahasha yenye stempu. Mwisho wa mwaka nimwandikie hali ya Mama Koleta, jinsi anavyotunzwa nyumbani, na kama amefariki, sababu. Alisema ananiamini kuliko zahanati.

Kisha vita. Tulivisikia kwenye redio ya ofisi ya kijiji, watu wamejaa mpaka nje, hakuna anayekohoa. Vilikuwa kaskazini, mbali na sisi, ng'ambo ya mto, lakini mkoa ulikuwa mmoja na watu walikuwa na ndugu huko. Vijana wakaingia mgambo. Malori yakachukuliwa. Tukatoa ndizi, maharage, mbuzi, kila nyumba kwa uwezo wake, na hakuna aliyenung'unika. Siku ya mkutano Mwenyekiti alisimama chini ya rimu na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo kengele haitapigwa tena ila kwa hatari tu. Ikilia, watu wajue ndege zimekuja, wakimbilie migombani. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Ilikuwa amri nzuri, ya maana, na nilisimama pale, mimi mwenye akili, nikipiga makofi, nawaza wimbo wa vita niliokuwa nimeusikia asubuhi. Kesho yake nikaondoka kwenda Biharamulo kwa semina ya walimu wa kisomo.

Ilikuwa semina ya wiki mbili. Nilikaa tano, maana magari ya kurudi hayakuwepo, yote yalikuwa vitani. Lazima niseme ukweli kwamba nilifurahi. Tulilala kwenye darasa karibu na lile boma la Wajerumani, tukala wali mara mbili kwa wiki, tukaimba. Jioni nilisimama kwenye ngazi za boma, wenzangu wamekaa chini, nawasomea habari za vita kutoka kwenye kichwa changu, na katika habari zangu tulikuwa tunashinda kila siku. Walinipigia makofi. Sikumkumbuka Mama Koleta zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili nilimkumbuka kwa raha, kama kitu nilichokitengeneza kikakaa vizuri.

Nilirudi kwa lori la chumvi mpaka njia panda, nikatembea. Sikupita kwetu. Nilitaka kuhesabu punje. Uani kwa Mzee Bukuru kulikuwa na kuku watatu wanaokimbizana kudonoa kitu, na nilipokanyaga nikasikia: maharage, yametapakaa mpaka kwenye kizingiti. Halafu harufu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na naweza kuitofautisha na harufu nyingine zote duniani. Ni tamu. Hilo ndilo linalochukiza, kwamba ina utamu ndani yake, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi ndani ya shimo, na inakufuata, inakaa kwenye kanga, inakaa kwenye ugali. Ndani walikuwapo wageni wawili. Wanakula.

Koleta alinikumbatia akilia. Alikuwa amekonda. Nikauliza kama wanamgeuza, naye akanitazama kwa macho safi kabisa, macho ya mtu aliyetii. "Tumesubiri kengele, Mwalimu," akasema. "Haijalia hata mara moja." Siku za mwanzo alikuwa akitaka kumgeuza, akasema, lakini baba yake na majirani wakamkanya: Mwalimu alisema isipolia mwacheni apumzike, na yale ni maneno ya Daktari. Unataka kumwua? Wakamwacha apumzike. Wiki tano.

Nikaingiza mikono chini yake, nikamgeuza. Gunia lilitoka naye. Lilikuwa limeshikana na mgongo, na lilipoachia nikaona kidonda kinachoweza kuingia ngumi, chini kabisa ya kiuno, kijivu pembeni, na ndani kinachemka. Nilidhani ni usaha unaotikisika. Walikuwa funza. Nilimwachia. Nasema nilimwachia, akarudi chali juu ya kile kidonda kwa uzito wake wote, na sauti iliyomtoka sitaiandika. Nilitapika nyuma ya nyumba mpaka nyongo, nikanawa, nikaenda kwetu, na sikurudi kwa siku mbili. Kila nikikusudia kwenda, nilifika njiani nikageuka nyuma. Mama yangu alinipikia maharage, nikatoka mezani.

Siku ya tatu nilikwenda na maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kwa kuwa sabuni haikuwepo, na nikamwosha. Koleta alishika taa ya kibatari ingawa ulikuwa mchana, kwa kuwa chumba kile kilikuwa giza, na mkono wake ulitulia kuliko wangu. Tulipomaliza nikaona bakuli limewekwa juu ya kabati, mbali. Nikauliza kwa nini. Koleta akaona haya. Akasema mama aliharibika wiki ile ile kengele ilipoacha. Alianza kuwatupia watu maharage. Mtu akiingia tu, anamtupia punje, moja, nyingine, nyingine. Alimtupia mpaka padri. Baba akasema hiyo ndiyo akili ya mwisho imekwisha, na huu ni mwaka wa shida, hatuwezi kumwacha mtu achezee chakula. Asubuhi ya siku niliyorudi wakamnyang'anya.

Nikalishusha bakuli, nikaliweka chini ya mkono wake wa kushoto. Mkono ulikuwa umebaki mifupa. Ulitafuta ndani, ukatoka na punje, nyekundu, na akanitupia. Ilinigonga kifuani. "Unaona?" Koleta akasema, na akaanza kulia tena. Ya pili ilinigonga shavuni. Alikuwa ananitazama kwa lile jicho kama alivyotutazama kutoka pembeni ya mihogo. Wiki tano alikuwa akiwaambia watu kitu kimoja tu, kila anayeingia, kwa neno pekee alilobakiwa nalo, na walikuwa wakiliokota na kuwapa kuku. Nikapiga magoti nikamgeuza ubavu wa kushoto, taratibu. Akavuta pumzi. Akatafuta tena bakulini, akachukua punje, na hiyo hakunitupia. Akaitia kwenye kopo.

Tulimgeuza tangu siku hiyo bila kengele, mimi na Koleta kwa zamu, tukipimia kivuli cha nguzo ya mlango. Tulikuwa tumechelewa. Alikufa siku ya tisa, asubuhi, kopo lina punje mbili. Akazikwa karibu na njia, maana ndivyo walivyokuwa wameamua mbele yake.

Mwisho wa mwaka nikaitoa fomu ya Daktari. Nilikaa kwenye dawati la kisomo, peke yangu, mchana wa saa nane, na rimu ipo dirishani inaning'inia kimya. Hali ya mgonjwa: amefariki. Sababu: vidonda vya mgongo. Na chini yake palikuwa na mstari mrefu mtupu, hali ya uangalizi nyumbani. Nilijua cha kuandika. Niliandika herufi ya kwanza, K, ya kengele, nikaisimamisha kalamu. Niliona uso wa Daktari ukinisoma, goti lililoshonwa, ile sauti ikisema hiyo ni akili. Nikaona akisoma kwamba akili hiyo ndiyo iliyomwua. Nikaigeuza ile K kuwa kitu kisichosomeka, nikaandika pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri, ule ule wa daftari la mahudhurio: uzembe wa nyumbani. Nikalamba bahasha. Gundi yake naikumbuka mpaka leo, ilikuwa na ladha ya samaki.

Ndivyo neno lilivyokwenda mjini, likavaa Kiingereza, likachapwa, likasomwa na watu wenye miwani, na likarudi kwangu baada ya miaka yote hii katika mikono ya mtoto wa Koleta. Daktari alikuwa mtu mwaminifu. Aliandika alichoambiwa na mtu anayemwamini. Sina haki ya kumchukia. Na utafiti wake umewafaa watu, Leokadia anasema hata sasa wanafundishwa kumsemesha mgonjwa asiyesema, wasimpe sifuri haraka. Hayo ni ya Mama Koleta. Lile neno la mwisho ni langu.

Leokadia alikuwa bado anangoja. Alikuwa amekunja makala mara mbili na kuishika kwa mikono yote miwili. Mwaka ule nilikuwa na majina mengi ya kusingizia: Mwenyekiti, amri, vita, wageni wenye muhogo mkononi. Nikayatafuta mdomoni sikuona hata moja lisilonuka.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mama yako alifanya kila nilichomwambia. Mimi ndiye niliyemwambia vibaya, na mimi ndiye niliyeandika."

Nilimweleza yote, mpaka gundi. Nilipomaliza alisimama, akachukua vikombe vyote viwili akaenda kuviosha, akaviosha muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha vikombe viwili. Aliporudi alikausha mikono kwenye gauni lake la kazi, akasema kwamba mama yake, toka anamfahamu, anaamka usiku kuwageuza watoto. Watoto wazima, wasio na ugonjwa wowote. Na wajukuu vilevile. Walikuwa wakimcheka.

"Mama yupo," akasema. "Macho yamepungua lakini masikio anayo. Utamwambia mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Basi la Ngara linaondoka Jumamosi. Nimeshatoa shikamoo na marahaba nyingi maishani, lakini sijui mtu wa rika lako unamsalimiaje ukienda kwa jambo kama hili. Jana nilikwenda sokoni kutafuta cha kumchukulia, kwa kuwa mtu haendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Nikanunua maharage kilo mbili, mazuri, yaliyochanganywa, nikayafunga vizuri kwenye kitambaa. Usiku wote yalikuwa mezani. Leo asubuhi nimeyafungua, nimempelekea jirani yote. Nitakwenda mikono mitupu.